Pombe ya Kashata

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi na mizani mpya, wanaume walibadilika. Sisemi wote, maana wengine ni jamaa zangu, lakini wengi. Mtu aliyezoea kungoja hela ya ushirika mpaka anasahau alipima kilo ngapi, sasa anapima pamba asubuhi na saa sita yuko mjini, noti mfukoni, kifua mbele. Na mwanaume mwenye noti mfukoni wewe unamjua. Hataki tena kuonekana ameinamia kopo la pombe ya mtama. Anataka chupa. Anataka chupa yenye karatasi ya rangi, aiweke mezani mbele yake, na hata ikiisha hakubali iondolewe, ili wapita njia waione.

Haya yalimuuma sana Monika. Huyu Monika, ambaye wengi walimwita Mama Salu kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa mmoja wa wanawake sita waliopika pombe ya mtama katika kilabu cha nyuma ya soko. Walipika kwa zamu. Jumatatu ya huyu, Jumanne ya yule, na siku yako ikifika hakuna mwingine anayeleta pipa. Krismasi peke yake haikuwa na zamu. Ilikuwa ya wote sita, kila mmoja na pipa lake, na tangu mama yake Monika alipokuwa akipika hapo, kilabu kikiwa bado kibanda cha nyasi, hakuna mtu aliyewahi kuuliza Krismasi ni ya nani. Ilikuwa ya akina mama, basi.

Sasa Krismasi ya mwaka juzi mapipa mawili yalirudi nyumbani yamejaa. Ya mwaka jana yakarudi matatu, na moja lilikuwa la Monika. Alilimwaga nyuma ya nyumba, nguruwe wa jirani wakalikuta, wakalewa, wakalala katikati ya njia mpaka watu waliotoka kanisani wakawa wanawaruka. Mji mzima ulicheka. Monika alijifungia ndani akalia kwa hasira, na tangu siku hiyo mtu akimtajia nguruwe alikuwa anaondoka.

Mwezi wa kumi na moja ikaja barua. Iliandikwa na Marcelo, kijana aliyefungua duka la bia za chupa karibu na stendi, mwenye friji ya mafuta ya taa ambayo watu walienda kuishika tu waone ilivyo baridi. Tusimsingizie, hakuwa kijana mbaya. Aliamkia wakubwa, hakupunja mtu. Ila duka lake lilikuwa dogo kama kizimba cha kuku, na kilabu kilikuwa na mabenchi na bati na kivuli. Akaomba kamati impe kilabu siku ya Krismasi auze chupa zake, kwa kuwa pombe ya akina mama, aliandika kwa heshima zote, siku hiyo huwa haina wanywaji.

Mzee Mayige ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kilabu, na ndiye aliyekuwa mwonjaji. Miaka thelathini hakuna pipa lililouzwa pale kabla hajaweka mdomo. Alikuwa anachota kata, ananusa, anapiga funda moja, anatema nusu, halafu anatoa neno moja kati ya mawili: imeiva, au changa. Pombe tamu ilikuwa changa. Hapo hakuwa na mjadala, na kusema kweli alikuwa na sababu, maana pombe inayouzwa ikiwa bado tamu humalizia kuchacha tumboni mwa mnywaji, na kuna mwaka watu kumi na wawili walilala chini wanashika matumbo. Togwa ni ya watoto na wagonjwa, alikuwa akisema, ikitaka kuja kilabuni ikue kwanza. Na jambo jingine alilojivunia: miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amelewa pale. Hata siku moja.

Aliwaita wote, akaisoma barua ya Marcelo, akaikunja. Akina mama wakalalamika, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka mzee akanyoosha mkono. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, lakini mapipa yaliyorudi kila mtu aliyaona. Basi akaamua hivi: asubuhi ya mkesha wa Krismasi atakuja kuonja. Akikuta pombe ile ile ya kila siku, Krismasi inakwenda kwa Marcelo, mwaka huu na miaka yote. Akikuta kitu ambacho mtu ataiacha chupa yake akifuate, Krismasi inabaki kwa akina mama na barua za namna hii hatazipokea tena.

Wanawake wakatazamana. Nyanjige, mkubwa wao, aliyekuwa amepika pombe kabla wengine hawajaota meno, akainama akachezea ncha ya khanga. Na Monika, ambaye ana kasoro moja ya kuongea kabla hajafikiri, akasikia mdomo wake mwenyewe unasema:

"Kitakuwepo hicho kitu. Nitakipika mimi."

Njiani kurudi nyumbani alitamani kuung'oa ule mdomo. Kitu gani? Mtama ni mtama. Utauloweka, utauotesha, utauanika, utausaga kimea, utapika uji wako, utatia kimea chako, utapata togwa, utapika tena, utakoleza, utangoja, utachuja. Mama yake alifanya hivyo na bibi yake alifanya hivyo. Akalala bila kula, akaamka bila jibu, na hali ikawa hiyo wiki nzima.

Jibu alilikuta alipokwenda kununua chumvi. Duka la Athumani lilikuwa mtaa wa pili, na uani kwake mke wake, Asumini, alikuwa anapika kashata za sikukuu. Huyu Asumini, au Mama Imrani, walifahamiana na Monika tangu watoto wao wakae dawati moja shuleni. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini kashata zake hazikuwa na dini: Idd zinanunuliwa, Krismasi zinanunuliwa, na katikati hapo zinanunuliwa. Siku hiyo sukari ilikuwa inayeyuka kwenye sufuria inageuka rangi ya udongo mwekundu, karanga zimekaangwa pembeni, iliki imetwangwa, na harufu yake ilikuwa imefika barabarani ikakamata watu mashati.

Na waliokamatwa ni akina nani? Monika aliwaona kwa macho yake. Wanaume wanne wenye noti za pamba, wawili na chupa zao za bia mkononi, wamesimama dirishani wanangoja kashata ipoe, wanalamba vidole kama watoto. Chupa mmoja aliisahau palepale ukutani.

Monika alisahau chumvi. Aliingia uani, akaketi kwenye kigoda, akamweleza mwenzake yote, barua, mzee, mdomo wake uliomponza. Akamwambia anataka kupika pombe inayonukia vile. Asumini akakoroga sufuria mara mbili tatu. Kisha akasema taratibu:

"Mama Salu, mimi pombe siipiki na siionji, unajua. Lakini kashata nitakufundisha mpaka mwisho. Ukishatoka hapa na ujuzi wako, ni shauri lako na Mungu wako."

Basi wakaanza. Na hapa ndipo uone jinsi miaka ilivyogeuka. Mama yake Monika angependa vipi asingeweza, maana kulikuwa na miaka sukari ilikuwa ikitolewa kwa kibali, unapanga foleni na kurudi na kikombe. Iliki hata wenye duka walikuwa wanaisikia tu. Sasa ilikuwa ruksa, magari yanashuka kutoka Mwanza kila siku, na kwa Athumani magunia ya sukari yalikuwa yamesimama mpaka darini. Unachotaka unapata, kazi ni kujua unataka nini.

Mara ya kwanza Monika alifanya alivyofikiri kila mtu angefanya. Alisaga kashata nzima akaitia kwenye pombe iliyoiva. Mafuta ya karanga yakapanda juu yakaganda kama ukoko, na ladha ikawa ya mchuzi uliolala. Ile ndoo aliimwaga chooni kabisa, nguruwe wasije wakapata habari.

Mara ya pili alitia sukari nyeupe kwenye togwa. Asubuhi yake ndoo ilikuwa inachemka peke yake bila moto, na baada ya siku mbili sukari yote ilikuwa imeliwa. Harufu hakuna, utamu hakuna, kilichobaki ni ukali mtupu. Nyanjige alipiga funda moja akakaa chini. Akasema hii ya kuangushia ng'ombe, watu itawaua.

Mara ya tatu Asumini ndiye aliyemfungua akili. Alimwambia kinachonukia kwenye kashata si sukari, ni sukari iliyoungua. Ukiiacha nyeupe ni utamu tu. Ukiiunguza mpaka inakaribia kuwa chungu, ndipo harufu inatoka. Na karanga vilevile, kinachonukia ni kukaangwa. Monika akarudi nyumbani anatembea mbiombio. Karanga akaziacha kabisa. Badala yake alichukua sehemu ya kimea chake akakikaanga kikavu chunguni, anageuzageuza, mpaka kikawa na rangi ya kahawa na nyumba nzima ikanuka karanga bila karanga. Sukari akaiunguza mpaka ikatoa moshi, akaizima kwa maji ya moto, akaitia kwenye uji. Iliki akaifunga kwenye kitambaa akaitumbukiza.

Togwa yake ilipokuwa tayari, kabla haijaanza kuchacha, alimpelekea Asumini bakuli. Hiyo iliruhusiwa, ni uji mtamu tu. Asumini akanywa, akafumba macho, akasema punguza iliki robo, ongeza kuunguza. Akapunguza, akaongeza. Mara nne bakuli lilikwenda na kurudi, na mara ya nne Asumini alilirudisha tupu bila maneno, amelipangusa kwa kidole. Kutoka hapo pombe ilikuwa mikononi mwa Monika peke yake.

Ilipoiva aliichuja, akajimiminia, akanywa amesimama jikoni. Akacheka peke yake kama mwehu. Akawaita wenzake watano, wakanywa, na hata Nyanjige alisahau kusema neno baya. Lakini walipotulia, Nyanjige huyohuyo akasema kitu kilichowakata wote miguu. Mzee Mayige akinusa hii, atasema ni togwa. Ataiita changa kabla haijafika kooni, na kwake harufu tamu na ladha tamu ni mamoja. Monika akajibu kwamba imeiva, tena imeiva kupita kiasi, sukari imeipa nguvu mara mbili. Nyanjige akasema yeye anajua, na Monika anajua, lakini pua ya mzee ina miaka thelathini.

Wakapiga moyo konde. Siku tano kabla ya Krismasi walipika mapipa sita, yote ya namna ile. Hakuna aliyebakiza hata moja la kawaida la kujikinga. Kama mzee angekataa, yangemwagwa sita, na Krismasi ingekwenda nayo.

Asubuhi ya mkesha jua lilikuwa kali kama lina kisasi. Mzee Mayige alikuwa kwenye palizi ya pamba tangu alfajiri, na njiani baiskeli ikapata pancha, akaisukuma mpaka mjini. Alifika saa nne, shati limegandamana mgongoni, midomo imekauka. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu waliokuja kuona, na Marcelo alikuwepo, amevaa shati safi, amekaa mwisho kabisa kwa adabu.

"Mwadila, mayu," mzee akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba," Monika akajibu.

Kwa desturi mwenye pombe huanza, watu waone hajatia kitu. Monika akachota, akanywa, akampa kata. Mzee akaileta puani. Akasita. Akanusa tena, uso ukakunjamana. Akapiga funda dogo kwa ncha ya ulimi, akatema nusu chini.

"Changa," akasema. "Mayu, hii ni togwa."

Wanawake watano nyuma ya Monika waliguna kwa pamoja. Yeye akasogea hatua moja mbele. Akamwambia mzee kwa heshima kwamba siyo togwa, harufu ni ya sukari iliyounguzwa na kimea kilichokaangwa, aimeze ndipo ahukumu. Mzee akatikisa kichwa. Akasema hana haja ya kumeza kitu ambacho pua imeshakimaliza, na sheria ni sheria, kwa Monika na kwa mwingine. Akaomba daftari na kalamu aandike uamuzi palepale, Marcelo apewe karatasi yake akajiandae.

Akaketi. Akafungua daftari. Kisha akameza mate, maana kiu ilikuwa imemkamata koo, akalitazama lile pipa.

"Lakini togwa yenyewe nzuri," akasema. "Nichotee, nipoze koo."

Monika akasimama na kata mkononi. Ningekuwa mimi ningechota nikanyamaza, lakini yeye aliona si haki. Akasema mbele ya wote:

"Baba, hawa wote wanasikia. Hiyo ni pombe iliyoiva, na ni kali."

"Na mimi nimekuzwa kwa togwa, mwanangu. Chota."

Nyanjige akamfinya Monika ubavuni kwa nguvu. Monika akachota.

Mzee hakunywa kama mwonjaji. Mwonjaji hunywa kwa tone. Alikunywa kama mtu aliyepalilia tangu alfajiri na kusukuma baiskeli, kata nzima, gudu gudu gudu, hakupumua mpaka alipoona chini. Akajipangusa mdomo, akasema aah, akaomba nyingine. Hiyo nayo ikaenda. Ya tatu aliiweka kando ya daftari, anaandika mstari, anapiga funda, anaandika mstari. Kamati ya kilabu imekaa leo. Kamati imeonja. Kamati imeamua kumpa Ndugu Marcelo.

Hapo kwenye Marcelo kalamu ikasimama. Mzee akainua kichwa, akamtazama yule kijana kwa upendo mwingi, akamuuliza ameoa. Marcelo akasema bado. Mzee akamwambia aoe, asiogope, yeye alitoa ng'ombe kumi na wawili, na akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi zao na pembe zao, na alipofika kwa wa saba, dume jeusi lenye baka jeupe, machozi yakamtoka. Kisha akacheka. Watu walikuwa hawajawahi kumwona Mzee Mayige akicheka mpaka mwisho, na ndiyo siku walipogundua kwamba hana magego upande wa kushoto. Daftari lilikuwa limeshaanguka. Mistari yake, aliyeliokota aliona, ilianza imenyooka na ikaishia inateremka mlima.

Watu wakaanza kucheka chinichini. Monika hakuthubutu.

Mzee akataka kusimama aendelee na hadithi ya dume vizuri. Mguu mmoja ukasimama, mwingine ukakataa. Akakaa tena kwa kishindo. Akaitazama mikono yake. Akaitazama kata. Kilabu kizima kikaacha kucheka, kwa kuwa uso wake ulikuwa umebadilika, umerudi kuwa uso wa mwenyekiti, na hakuna aliyejua kama sasa atakasirika.

"Mimi nimelewa," akasema.

Akawatazama watu wa mabenchi mmoja mmoja.

"Miaka thelathini sijalewa humu. Leo nimelewa, saa tano ya asubuhi, mbele za watu." Alikuwa anaitafuta hesabu yake polepole. "Togwa hailevyi. Basi hii si togwa. Mayu, nichotee tena. Sasa nataka kuonja."

Monika akachota robo tu. Safari hii mzee hakutema. Aliweka funda mdomoni akalishika hapo, amefumba macho, na watu wakawa wanatazama shavu lake kama wanatazama mizani. Akameza. Akangoja. Akasema, akitafuta maneno kwa shida lakini akiyapata, kwamba mbele pana kashata ya sikukuu, ile mtoto anapewa akishika nguo ya mama yake. Katikati pana karanga zinazokaangwa, ila ukizitafuta hakuna karanga. Na mwisho, kashata ikishaondoka zake, unabaki mtama mkavu, mchungu kidogo, ule wenyewe, wa hapa, haujaongopa. Akasema mara ya kwanza yeye aliishia mlangoni, hakuingia ndani ya nyumba. Akasema kosa ni lake na asilaumiwe mwingine.

"Imeiva," akamaliza. "Imeiva kuliko mimi."

Kilabu nusura king'oke bati kwa shangwe. Nyanjige, mwanamke wa miaka sabini, alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Mzee aliomba daftari, akashindwa kuishika kalamu, akamwambia Marcelo aandike yeye, na ndivyo ilivyokuwa kwamba karatasi iliyosema Krismasi ni ya akina mama, mwaka huu na miaka yote, iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa Marcelo mwenyewe. Akaandika bila kinyongo. Alipomaliza akaomba naye aonje, akanywa, kisha akamuuliza Monika kama kesho wataanza mapema, ili ajue afunge duka lake saa ngapi.

Siku ya Krismasi watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, na wasiokuwa wa kanisa walikuwa wameshafika. Habari za mzee zilikuwa zimezunguka usiku kucha. Walikuja wa mjini, wakaja wengine kwa baiskeli kutoka vijijini, mpaka jamaa waliokuja kusalimia ndugu kutoka Lalago wakaletwa wapewe. Wenye noti walikuja na chupa zao kama kawaida, wakaziweka mezani, wakaomba kopo moja tu la kujaribu. Ungeona zile chupa saa nane mchana. Zimejaa, zimepata moto juani, nzi wanatembea juu yake, na wenyewe wako kwenye foleni ya kopo la tatu, wanagombania nafasi.

Asumini alipita na sinia la kashata kichwani, anapeleka kwa wateja. Akasimama nje ya kilabu, pale ambapo hakuna wa kumsema, akamwita Monika kwa mkono. Monika akatoka mbio, jasho linamtiririka. Asumini akamuuliza kwa sauti ya chini wanasemaje. Maana yeye ndiye mtu pekee mji mzima aliyeijua ile pombe mpaka nusu ya njia, na nusu iliyobaki asingeijua maisha.

"Wanasema ni kashata iliyokua," Monika akamwambia. "Wanasema aliyeifundisha abarikiwe. Nimewaambia ni wewe."

Asumini akatazama pembeni, akarekebisha sinia ambalo lilikuwa limekaa sawa. Akasema haya, arudi kwa wateja wake, na mwakani waongeze kuunguza kidogo. Akaenda zake, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyevaa nguo mpya.

Saa kumi hivi Mzee Mayige akatokea. Alikuwa amelala tangu jana saa sita, ameoga, amevaa koti lake la harusi na kofia. Watu wakasimama kumpisha, wengine wanajizuia kucheka, na yeye akapita katikati yao ameinua kidevu. Akaketi benchi la mbele. Akasema kwa sauti ya kila mtu kuisikia kwamba jana alikunywa kwa kosa, leo amekuja kunywa kwa kukusudia, kama mnywaji, siyo mwonjaji. Achotewe.

Monika akatazama nyuma. Nyanjige alikuwa ameinamisha pipa la mwisho, kata yake inakwaruza machicha. Mapipa sita. Monika aliyahesabu tena kwa macho, taratibu, kwa sababu alitaka kuyahesabu.

"Imekwisha, baba," akasema.

"Hata ya mwonjaji haikubaki?"

"Ya mwonjaji ulimaliza jana."

Kilabu kililipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee alingoja watulie, uso haujachekacheka hata kidogo, kisha akavua kofia, akaiweka magotini.

"Basi nitakuja mwakani," akasema. "Krismasi. Na nitakuja asubuhi."

Monika akasikia lile neno mwakani likimwingia mwilini mwote. Akatafuta pa kukaa, na wanaume wa benchi la mbele wakasogea wakampisha katikati yao, pale ambapo mpishi wa pombe hajawahi kukaa siku ya kazi. Akanyoosha miguu yake iliyovimba kwa siku tano za moto. Akawaambia mwakani watapika mapipa kumi.